Jibu la Otomatiki la Barua Pepe Haliendi, au Linakwenda Kupita Kiasi: Dalili, Sababu na Tiba

Watu wanaoniita kwa ajili ya majibu ya otomatiki huja na maneno yale yale. "Nimeweka ujumbe lakini haujibu mtu." "Mteja mmoja ameniambia amepata ujumbe huo huo mara thelathini." "Nimesharudi kazini, hii ni wiki ya pili, bado watu wanaambiwa nipo likizo." Malalamiko hayo nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, zile za nadra zikafuata. Tafadhali usiruke hatua. Nimeona mtu akihangaika siku nzima na mipangilio ya seva, kumbe alisahau kubofya kitufe cha kuhifadhi.

Kwanza jua nani anayejibu

Nusu ya matatizo yote huisha hapa. Jibu la otomatiki hutoka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, seva ya mtoa huduma, yaani kompyuta yake inayowaka muda wote, ndiyo inayojibu. Gmail, Outlook.com, Yahoo Mail na iCloud zote zina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Unaijaza kwa kivinjari, unahifadhi, unazima kompyuta na kwenda zako.

Njia ya pili, kompyuta yako ya nyumbani ndiyo inayojibu. Programu kama Thunderbird, Apple Mail au Outlook iliyosakinishwa kwenye kompyuta inaivuta barua, inaipitisha kwenye kichujio, yaani kanuni inayochagua barua na kuamua zifanywe nini, kisha inatuma ujumbe ulioandaliwa kama kiolezo. Kwa njia hii kompyuta lazima iwe macho, programu iwe wazi na intaneti iwepo. Kimoja kikikosekana, hakuna jibu.

Outlook ya kompyuta huwachanganya wengi kwa sababu ina sura zote mbili. Akaunti ikiwa ya Exchange au Microsoft 365 (huduma za barua za Microsoft kwa ofisi) au ya Outlook.com, majibu hukaa kwenye seva. Ikiwa ni akaunti ya IMAP au POP (njia za kawaida ambazo programu huvutia barua kutoka kwenye seva) ya mtoa huduma mwingine, sehemu ya majibu ya otomatiki huikuti kabisa. Kwenye Outlook ya zamani (classic) inabidi utengeneze kanuni inayotuma kiolezo, na kanuni hiyo hufanya kazi Outlook ikiwa wazi tu.

Kama huna hakika uko upande gani, zima kompyuta kabisa, kisha mwombe mtu ambaye hajakuandikia siku za karibuni akutumie barua. Akipata jibu, ni seva. Asipopata, endelea kusoma.

Maoni yangu ni haya: kama mtoa huduma wako anayo sehemu ya majibu, itumie hiyo. Seva hailali, na yenyewe inakumbuka imeshamjibu nani. Njia ya kompyuta ibaki kwa kazi ambazo seva yako haiziwezi, mfano kumjibu anayeuliza bei kwa ujumbe mmoja na anayeomba miadi kwa ujumbe mwingine. Hata hilo Gmail inaliweza kwa kuunganisha kichujio na kiolezo, kwa hiyo kagua kwanza kabla ya kuiachia kompyuta mzigo huo.

Namna ya kujaribu bila kujidanganya

Usijiandikie mwenyewe kutoka anwani ile ile. Mifumo mingi haijibu barua inayotoka kwa mwenye akaunti, nawe utadhani kumeharibika wakati hakujaharibika kitu.

Tumia anwani nyingine, na kumbuka kwamba seva hazimjibu mtu kila anapoandika. Gmail humjibu mtu mara moja, na haimjibu tena mpaka zipite siku 4, hata akiandika barua kumi. Mifumo inayotumia Sieve, lugha ya vichujio iliyomo kwenye seva nyingi za kukodi, kwa kawaida husubiri siku 7. Exchange humjibu kila mtu mara moja kwa kipindi chote ulichowasha majibu. Hivyo jaribio la kwanza linafaulu, la pili linanyamaza, na mtu anaanza kubomoa kitu kizima. Kwenye Gmail, ukibadilisha maandishi ya ujumbe na kuhifadhi, hesabu huanza upya. Mimi hugeuza neno moja tu kabla ya kila jaribio.

Na kabla ya kusema jibu halikufika, fungua folda ya barua taka ya ile anwani unayojaribia.

Dalili: hakuna hata mtu mmoja anayepata jibu

*Mipangilio haikuhifadhiwa.* Hii ndiyo ninayoikuta kuliko zote. Ukurasa wa mipangilio ya Gmail ni mrefu, na kitufe cha kuhifadhi kiko chini kabisa. Mtu anajaza ujumbe, anaona umekaa vizuri, anafunga ukurasa. Irudie. Gmail ikiwa imewashwa kweli, juu ya kikasha unaonekana ukanda wenye kichwa cha ujumbe wako. Ukanda usipoonekana, hakuna kilichowashwa.

*Tarehe na saa.* Gmail huanza saa 6 usiku wa tarehe uliyochagua na kumaliza tarehe ya mwisho inapoisha, dakika moja kabla ya saa 6 usiku unaofuata. Outlook hukuruhusu kuweka saa kamili, na hapo ndipo tunapoteleza sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mtu anataka majibu yaanze saa 2 asubuhi, anachagua 2:00, na kumbe kwa kompyuta hiyo ni saa 8 usiku. Saa 2 asubuhi iandike 8:00. Saa 11 jioni iandike 17:00, au 5:00 yenye alama ya PM. Tofauti ni saa 6 daima. Nimekuta majibu yaliyokatika katikati ya siku ya kazi kwa sababu hii, na mwenyewe ameshabadilisha hadi nenosiri akidhani ameingiliwa. Angalia pia kama ukanda wa saa kwenye akaunti ni wa mahali ulipo, maana akaunti iliyofunguliwa ukiwa nchi nyingine huenda bado inafuata saa za huko.

*Kompyuta imelala.* Hii ni ya wale wa njia ya pili. Niliitwa na mwalimu mmoja aliyetumia Thunderbird kujibu wanafunzi wake. Alisafiri siku tisa, na hakuna mwanafunzi aliyejibiwa. "Sikuizima," aliniambia, "tazama, taa inawaka." Kweli taa ya chaji ilikuwa inawaka, lakini laptopu ilikuwa imefunikwa. Nilipoinua kifuniko, skrini ikaamka, na baada ya muda mfupi namba kando ya kikasha ikaanza kupanda: 12, 40, 95, zaidi ya 140. Kwenye folda ya zilizotumwa majibu yakajipanga moja juu ya jingine, yote yakisema "nitarudi tarehe 14". Siku hiyo ilikuwa tarehe 16.

Laptopu nyingi hulala zikifunikwa, hata zikiwa kwenye chaji. Kwenye Windows fungua mipangilio ya umeme uweke isilale inapotumia umeme wa ukutani, kisha ueleze nini kifanyike kifuniko kikifungwa. Skrini iache izime, haina ubaya. Mac ikifunikwa hulala isipokuwa imeunganishwa na skrini ya nje na umeme, kwa hiyo iache wazi. Ukiacha laptopu ikiwaka siku nyingi, iweke mezani penye hewa, kamwe usiiweke kitandani wala juu ya kitambaa.

*Kompyuta ilijiwasha upya.* Windows ikisakinisha masasisho huzima na kuwaka yenyewe, halafu inasimama kwenye ukurasa wa kuingia ikikusubiri. Thunderbird haifunguki mpaka mtu aingie. Unaweza kuweka saa za kazi, hadi 18 kwa siku, ambazo Windows haitajiwasha upya, au ukasimamisha masasisho kwa muda wa safari. Usiondoe nenosiri la kuingilia ili tu programu ifunguke yenyewe, maana atakayeishika kompyuta hiyo atakuwa na barua zako zote. Umeme ukikatika hali ni hiyo hiyo, na ruta nayo huzimika pamoja na kompyuta.

*Kichujio hakifanyi kazi ulivyodhani.* Kagua kwa mpangilio huu:

1. Kimewekewa alama ya kuwa kimewashwa?
2. Kipo kwenye akaunti sahihi? Thunderbird ina orodha ya vichujio kwa kila akaunti, na wenye akaunti mbili hukiweka kwenye ile isiyohusika.
3. Kuna kichujio kingine juu yake kinachohamisha barua au kinachoamuru kazi isiendelee? Vichujio husomwa kutoka juu kwenda chini. Kipandishe cha majibu kikae juu.
4. Kiolezo bado kipo? Ukikihariri au kukihamisha baada ya kutengeneza kichujio, rudi kwenye kichujio ukichague upya.

*Jibu linaandikwa lakini haliondoki.* Fungua folda ya zinazosubiri kutumwa. Majibu yakiwa yamerundikana humo, kichujio chako ni kizima, ila njia ya kutokea imeziba. Soma dalili ya nenosiri huko chini. Kama nenosiri ni sahihi, angalia namba ya mlango (port), yaani namba ambayo programu hupitia kuifikia seva ya kutuma. Watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani huufunga mlango 25 ili kuzuia barua taka. Tumia 587 wenye STARTTLS au 465 wenye TLS, ambazo ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani.

*Saa ya kompyuta imepotea.* Ni nadra, ila ikitokea inasumbua sana. Kompyuta ya mezani ya zamani ikichomolewa umeme inarudi na tarehe ya miaka ya nyuma, kisha programu inakataa kuongea na seva ikidai cheti, yaani kitambulisho cha seva, si halali. Rekebisha tarehe, na barua zinaondoka. Ikijirudia kila unapochomoa waya, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama imekwisha, mara nyingi ni CR2032. Simama hapa kama ni laptopu, mpelekee fundi. Kwenye nyingi betri hiyo imefichwa ndani au imeunganishwa kwa waya mwembamba unaokatika kirahisi.

Dalili: wengine wanapata jibu, wengine hawapati

Anza na visanduku viwili. Gmail ina kisanduku cha kujibu tu watu waliomo kwenye orodha yako ya anwani. Kikiwa na alama, mteja mpya hapati kitu. Exchange na Microsoft 365 zina ujumbe wa walio ndani ya taasisi na ujumbe wa walio nje. Watu hujaza wa kwanza, wa pili wakauacha umezimwa. Kama wa nje umeujaza na bado hautoki, huenda msimamizi wa mfumo wa taasisi amezuia majibu kwenda nje. Hilo huliwezi kwa kompyuta yako, muulize yeye.

Kisha jiulize kama waliokosa walistahili kujibiwa. Barua iliyoangukia folda ya taka haijibiwi na Gmail. Barua iliyotumwa kwa kundi zima la watu waliojiandikisha haijibiwi pia, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tangu mwaka 2004 kuna waraka wa taratibu za intaneti, RFC 3834, unaoeleza mashine ijibu nani na imwache nani. Seva nzuri huufuata. Usilazimishe seva yako ijibu barua za makundi, kwa sababu jibu lako moja linaweza kuingia kwenye vikasha vya watu mamia.

Sababu iliyobaki imejificha zaidi, na inawapata hasa wenye anwani ya biashara inayoelekezwa kwenye kikasha cha binafsi. Tuseme una anwani ya ofisi, na barua zake zote umezielekeza kwenye kikasha kingine ambacho ndicho chenye majibu. Barua inafika, unaisoma, mwandishi hajibiwi. Aliyekuandikia moja kwa moja kwenye kikasha hicho anajibiwa. Kumbe Sieve, kabla ya kujibu, hutazama kama anwani yako imo kwenye mstari wa mpokeaji au wa nakala. Inaiona anwani ya ofisi, haiitambui kuwa ni yako, inanyamaza. Inafanya hivyo kwa sababu njema, isije ikajibu barua ambazo hukuandikiwa wewe. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya majibu na kuongeza anwani zako zote kwenye sehemu ya anwani za ziada. Usipoiona sehemu hiyo, washa majibu kwenye ile anwani ya kwanza barua inapofikia.

Hali hiyo hiyo hutokea mtu akikuandikia kwa nakala iliyofichwa. Anwani yako haionekani popote, seva haijibu. Hilo liache.

Dalili: mtu mmoja anapata majibu mengi, au kikasha kinajaa majibu usiku kucha

Hapa hatua ya kwanza ni kuzima. Zima kichujio au funga programu sasa hivi, sababu utaitafuta baadaye. Kila dakika inayopita, barua zinaongezeka pande zote mbili, na mtoa huduma anaweza kuifungia akaunti yako kwa kuidhania ya mtuma taka. Akaunti ya bure ya Gmail inaruhusiwa kutuma kwa wapokeaji 500 kwa siku. Mzunguko wa usiku mmoja unaweza kuimaliza idadi hiyo, ukabaki huwezi kutuma hata barua ya kawaida kwa saa kadhaa, hadi siku nzima.

Kinachotokea ni kwamba mashine yako inamjibu mtu ambaye naye ameweka jibu la otomatiki. Yake inaijibu yako, yako inaijibu yake. Seva zina kinga dhidi ya hili. Zinaandika kwenye sehemu ya juu ya barua, ambayo kwa kawaida huioni, mstari wa Auto-Submitted unaosema kuwa barua hii imetumwa na mashine, na zinamkumbuka kila aliyeshajibiwa. Kichujio ulichojitengenezea hakina kumbukumbu hiyo. Thunderbird humjibu mtu kila anapoandika. Kanuni ya kiolezo ya Outlook humjibu mtu mara moja, ila kumbukumbu inafutika Outlook ikifungwa na kufunguliwa, kwa hiyo ukiifungua kila asubuhi, mtu yule yule anaweza kujibiwa kila siku.

Kabla ya kukiwasha tena kichujio, kiwekee mipaka:

- Kijibu tu watu waliomo kwenye kitabu chako cha anwani, kama kazi yako inaruhusu.
- Kisijibu barua yenye mstari wa Auto-Submitted wenye neno auto-replied au auto-generated, wala yenye mstari wa List-Id, ambao ni alama ya barua ya kundi. Thunderbird inakuruhusu kuongeza mistari hiyo kwenye masharti ya kichujio kwa kuiandika mwenyewe.
- Kisijibu anwani zenye maneno kama noreply (isiyopokea majibu) au mailer-daemon (mashine inayotuma taarifa za barua zilizoshindwa kufika). Kumjibu mailer-daemon ndiko kunakozaa mizunguko mibaya kuliko yote, kwa sababu kila jibu lako linalogonga mwamba linarudi na taarifa mpya, nayo inajibiwa.

Sababu nyingine, ya mara kwa mara kuliko watu wanavyofikiri: majibu yamewashwa mahali pawili. Seva inajibu, na Thunderbird inajibu pia. Mtu anapata barua mbili zinazofanana kila anapoandika. Chagua moja.

Dalili: kompyuta imejibu barua za zamani

Kwenye Apple Mail, ukimaliza kutengeneza kanuni, programu inakuuliza kama unataka kanuni hiyo itumike kwenye barua zilizomo tayari kwenye folda uliyoichagua. Ukikubali, kila barua iliyomo, hata ya miaka mitatu iliyopita, inaweza kujibiwa. Kataa. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu kosa hili halirudi nyuma. Barua ikishaondoka, imeondoka. Thunderbird nayo ina kitufe cha kuendesha vichujio kwenye folda nzima papo hapo. Usikibofye kujaribia kichujio chenye jibu.

Ukishakosea, funga programu na ukate intaneti, kisha ufute yaliyobaki kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa kabla ya kuunganisha tena. Waliopata, waandikie mstari mmoja wa kuomba radhi.

Dalili: jibu linaangukia kwenye taka, au linarudi na taarifa ya kushindwa

Soma taarifa yenyewe, hasa namba. Zinazoanza na 4, kama 421 au 451, zinasema subiri, seva itajaribu tena yenyewe. Zinazoanza na 5 zinasema haitaingia mpaka ubadilishe kitu. Nambari 535 ni nenosiri au ruhusa. 552 mara nyingi ni kikasha kilichojaa. 550 ina sababu nyingi, soma maneno yanayoifuata.

Kama unatumia anwani ya bure kama ya Gmail, tatizo mara nyingi ni maandishi yako. Ujumbe wenye kichwa cha herufi kubwa tupu, viungo vitatu na picha kubwa unafanana na tangazo. Andika mistari mitatu ya maandishi ya kawaida. Na usitume jibu la anwani ya Gmail kupitia seva ya kutuma ya kampuni nyingine, kwa sababu mpokeaji ataona anwani na seva havilingani.

Kama una domeini yako mwenyewe, yaani jina lako linalofuata alama ya @ kwenye anwani, kagua kama ina rekodi za SPF, DKIM na DMARC. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yako, DKIM inaweka saini kwenye barua, na DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini vyote viwili vikishindwa. Domeini iwe na rekodi moja tu ya SPF. Mbili zinavurugana, na nimeikuta hali hiyo kwa watu waliohama mtoa huduma wakaongeza mpya bila kufuta ya zamani.

Kuna wanaoendesha seva ya barua kwenye kompyuta ya nyumbani. Hao watakataliwa na wapokeaji wengi hata wakifanya kila kitu sawasawa, kwa sababu anwani za intaneti za majumbani huwekwa kwenye orodha kama PBL ya Spamhaus, orodha ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Pitishia barua zako kwenye seva ya mtoa huduma.

Simama hapa kama hujawahi kugusa rekodi za domeini. Ukikosea rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua zako ziingie seva gani, barua zote za biashara zinaweza kuacha kuingia, na baada ya kusahihisha huenda ukasubiri saa nyingi kabla mabadiliko hayajaenea. Ita fundi, na kabla hajaanza, piga picha ya ukurasa mzima wa rekodi ulivyo.

Dalili: umesharudi, majibu bado yanatoka

Tafuta mahali pengine ulipoyawasha. Kompyuta ya zamani iliyobaki chumba cha pili na Thunderbird ikiwa wazi ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kichujio cha Gmail chenye kiolezo: kuzima jibu la likizo hakukizimi, vinakaa kurasa tofauti. Ya tatu ni akaunti iliyoelekezwa kwenye hii, ambayo ina majibu yake yenyewe. Mwombe aliyepata jibu akurudishie, utazame limetoka anwani ipi na lina maneno yapi. Mara nyingi ni maneno ya mwaka jana, na hapo utakumbuka uliyaandika wapi.

Dalili: programu inakataa nenosiri ambalo ni sahihi

Nenosiri linafungua akaunti kwenye kivinjari lakini Thunderbird au Outlook ya zamani inalikataa. Google iliacha kupokea nenosiri tupu kutoka programu za aina hiyo kwa akaunti za binafsi mwaka 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa Outlook.com mwezi Septemba 2024. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye programu, njia ya uthibitishaji iweke OAuth2 (unaingia kwenye ukurasa wa mtoa huduma mwenyewe badala ya kuipa programu nenosiri), kisha ingia upya kupitia dirisha litakalofunguka. Fanya hivyo kwa seva ya kupokea na ya kutuma. Wengi hubadilisha ya kupokea tu, barua zinaingia vizuri, majibu hayatoki.

Programu isiyojua OAuth2 inaweza kutumia nenosiri la programu, la herufi 16, ambalo Google hukutengenezea ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Nenosiri hilo usimpe mtu.

Dalili: akaunti inajibu maneno ambayo hukuyaandika

Hapa usijaribu jaribu. Mtu mwingine ameingia kwenye akaunti. Kwa kutumia kompyuta nyingine unayoiamini, badilisha nenosiri, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha pitia vichujio na sehemu ya kuelekeza barua. Matapeli hupenda kuacha kichujio kinachotuma nakala ya barua zako kwao, nacho hubaki hata baada ya nenosiri kubadilishwa. Angalia pia anwani na namba ya simu ya kurejesha akaunti kama bado ni zako.

Simama na uite mtaalamu kama akaunti hiyo imeunganishwa na benki au ina taarifa za wateja, kama umeshafungiwa nje, au kama ile kompyuta inafungua madirisha yenyewe. Benki ijulishe siku hiyo hiyo. Na usipige namba ya msaada iliyojitokeza yenyewe kwenye skrini.

Hata bila kuingiliwa, tazama ujumbe wako unasema nini. "Familia yote tumesafiri mpaka tarehe 30, simu zetu ni hizi" unamfikia kila anayeandika, akiwemo usiyemjua. Sema umechelewa kujibu, taja siku ya kutarajia jibu na anwani ya mtu wa kuwasiliana naye kwa dharura za kazi. Kwamba nyumba haina mtu, usiseme.

Utakapomwita fundi, muandalie haya

Barua moja iliyopaswa kujibiwa na haikujibiwa, ikiwa kamili pamoja na mistari yake ya juu iliyofichwa, si picha ya skrini. Taarifa ya kushindwa, kama ipo. Saa na tarehe ya tukio, ukitaja kama ni saa ya Kiswahili au ya kompyuta. Orodha ya vifaa vyote vinavyofungua akaunti hiyo, pamoja na simu na ile kompyuta ya chumba cha pili. Nenosiri usimwandikie. Keti naye, uliingize mwenyewe.